Kidole Ambacho Hakukipaka Mkaa

Nilichana kipande cha karatasi kutoka kwenye mfuko wa saruji, nikakitandaza juu ya ungo uliopinduliwa, nikamwomba aweke kiganja chake hapo. Nikauzungushia mkono wake kipande cha mkaa, kama watoto wanavyochora mikono yao darasa la kwanza. Halafu nikampa ule mkaa ashike yeye.

"Mama, paka pale panapokufa ganzi usiku. Pale tu."

Akainama. Alianza na kidole gumba, akakipaka chote. Akaja cha shahada, akaja cha kati, akakandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka. Alipofika kwenye kidole cha pete akasita, akafumba macho kidogo kama anayekumbuka, kisha akapaka upande mmoja peke yake, ule unaotazamana na kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakukigusa. Akanirudishia mkaa, akapangusa mkono kwenye kanga.

Mama yule hakusoma, na hajawahi kuona picha ya mishipa ya mwili wa mtu. Alichokichora pale chini ya mkorosho ni ramani ya mshipa mmoja wa fahamu, ule wa katikati ya mkono, na hata mpaka unaopita katikati ya kidole cha pete aliuweka mahali pake. Mimi nilihitaji miaka chuoni kuijua ramani ile. Yeye aliijua kwa kukosa usingizi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, hapa hapa Mtwara. Na kabla ya hapo ni mtoto wa mbanguaji.

Mama yangu alibangua korosho miaka kumi na mmoja. Alianzia kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, kama vilivyofungwa vingi kati ya vile vilivyojengwa huku kusini miaka ya 1970, akahamishia kazi nyumbani. Korosho zilikaangwa kwenye bati lililotobolewa matundu, moshi wake unakaba koo mpaka kwa jirani. Zikipoa anakaa kwenye mkeka, jiwe mbele yake, korosho mkono wa kushoto, kipande cha mti mkono wa kulia. Ko, ko, ko, tangu tumekwenda shule mpaka tumerudi. Ukigonga kwa nguvu kokwa inavunjika, na korosho iliyovunjika haina bei. Ukigonga polepole ganda halipasuki. Ule ustadi wote ulikuwa kwenye kifundo cha mkono.

Madonda ya vidoleni tuliyaona sote. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Anayebangua bila kujipaka majivu au mafuta ya kula hubabuka ngozi, na vidole vya mama vilikuwa vyeusi kama vya fundi gari. Ya mchana yalionekana. Ya usiku niliyaona mimi, kwa kuwa nililala naye kitanda kimoja. Ikifika saa nane, saa tisa, anaamka, anauning'iniza mkono wa kulia nje ya kitanda na kuukung'uta, kama mtu aliyenawa na hana taulo. Anaukung'uta, anaupuliza, anaukandamiza chini ya kwapa. "Umelala huu," alikuwa akinong'ona. "Umekufa kabisa."

Wengine walisema ni upepo mbaya. Akachanjwa, na alama mbili za wembe bado anazo. Zahanati moja ilimwambia ni presha, nyingine ikampa vidonge vya maumivu, akavimeza mpaka tumbo likaanza kumsumbua. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza ni vidole vipi. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko yote. Swali lenyewe ni la nusu dakika.

Nilipofika mwaka wa pili chuoni nikarudi likizo, nikamshika mkono nikiwa najisomea tu. Pale chini ya kidole gumba, penye kinofu kinachotuna mtu anapokunja ngumi, palikuwa pamebonyea. Nyama ilikuwa imenyauka. Nikamwambia, "Mama, gusisha gumba na kidole cha mwisho." Akajaribu, havikukutana. Alikuja kufanyiwa upasuaji baadaye, na namshukuru Mungu, zile karaha za usiku zilikwisha. Nyama haikurudi. Mshipa ukikaa umebanwa miaka mingi, daktari anaweza kuufungulia njia, lakini kilichokwishakauka hakirudi tena. Mpaka leo siku ya Ijumaa namfunga mimi pini ya ushungi, kwa sababu pini ni nyembamba na vidole vyake havijui kama vimeishika.

Kitaalamu ugonjwa huu unaitwa kapali taneli. Ukigeuza kiganja juu, pale kwenye mikunjo ya kifundo, kuna njia nyembamba. Sakafu yake na kuta zake ni vijifupa vinane vya kifundo, na paa lake ni utepe mgumu ambao hautanuki. Ndani yake zinapita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati yao unapita ule mshipa wa fahamu. Fikiria mlango wa ghala msimu wa korosho: watu tisa wamejitwika magunia wanaingia na kutoka mbio, na katikati yao mtoto mmoja ametumwa kupeleka salamu. Magunia yakiwa machache, mtoto anapita. Kano zikitumika kutwa nzima kwa nguvu, nyama laini inayozizunguka inavimba, na paa halipandi. Anayebanwa ni yule mtoto. Salamu hazifiki. Kwanza ganzi, halafu vidole kuwaka moto na kuchomachoma, halafu vitu kuponyoka mkononi, na mwisho ile nyama ya gumba kunyauka.

Usiku ni mbaya zaidi kwa sababu tunalala tumekunja vifundo, na njia inazidi kuwa nyembamba. Kidole cha mwisho kinasalimika kwa sababu kina mshipa mwingine, unaopita nje ya lango hilo.

Watu wa ofisini wakisikia habari hii huniambia, ah, ugonjwa wa kompyuta huo. Ninawajibu kwa upole, lakini jambo hili linanichoma. Kinachoubana mshipa huu zaidi kazini ni nguvu pamoja na kurudiarudia, kifundo kikiwa kimepinda, au mtikisiko wa mashine. Ushahidi dhidi ya kompyuta ni hafifu kuliko ushahidi dhidi ya kazi za kukaba, kukata, kupasua na kushika vitu vinavyotetemeka. Kazi hizo hazifanywi kwenye viti vya ofisini vyenye magurudumu. Hapa kwetu hufanywa na mwanamke aliyekaa nyuma ya mashine ya kubangulia, mguu unasukuma kikanyagio ili visu viibane korosho, mkono unanyanyua mpini ili ganda lifunuke, na mara moja korosho nyingine imeshawekwa. Hufanywa na vijana wanaopulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu unaoshambulia mikorosho, pampu ya mgongoni inanguruma na mpira wa kupulizia unatetemeka mkononi toka alfajiri. Hufanywa na wanaoponda kokoto kando ya barabara, na mafundi waashi. Na mwanamke akitoka huko hajapumzika: kuna nazi ya kukunwa, kuna kinu, kuna ndoo. Kifundo hakijui kipi ni cha mshahara na kipi ni cha nyumbani.

Msimu mmoja nikaomba ruhusa ya kuwapima wabanguaji kwenye banda moja, njia ya kwenda Newala. Nilikuwa na barua, nilikuwa na fomu nilizochapa kwa pesa yangu, na nilikuwa na hamu. Nikawekwa kwenye meza karibu na mizani. Msimamizi akasimama pembeni, mtu wa heshima tu, hakumkaripia mtu. Wakaja mmoja mmoja.

"Shikamoo mama. Mkono unauma?"

"Marahaba. Hauumi, mwanangu. Mzima kabisa."

Wa pili mzima. Wa tatu mzima. Benchi zima lilikuwa na mikono mizima. Mama mmoja alinijibu hivyo huku akiukung'uta mkono wake chini ya meza.

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, nikamsimulia mama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Walikuwa wanalipwaje?" Nikamwambia kwa kilo. Akasema, "Sasa wewe ulitaka waseme nini mbele ya mizani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa nimeianza. Mtu anayelipwa kwa kilo, asiye na mkataba, anajua kuwa nje ya geti kuna wengine wanangoja nafasi yake. Kwake kusema "mkono unakufa ganzi" ni kama kujiandikia barua ya kuacha kazi. Kosa jingine lilikuwa swali langu. Nilikuwa nimeuliza maumivu, na wengi hawana maumivu mchana. Wana ganzi, na wanayo usiku. Tangu siku hiyo naamini kwamba upimaji wa wafanyakazi usioanza kwa kuwahakikishia kibarua chao hauna maana, hata vipimo viwe vizuri namna gani. Karatasi zitajaa, na zitakuwa na uongo ambao sisi wenyewe tumewalazimisha wauseme.

Nilikwenda mara ya pili Jumapili, bila fomu, nyumbani kwa bibi mmoja aliyebangua ujana wake wote na sasa anauza ming'oko stendi. Yeye ndiye aliyewaita. Kabla ya hapo nilikuwa nimekaa na mwenye banda mara tatu, tukaelewana kwa maneno machache: majina sitampa, nitamwambia tu mezani kwake kuna wangapi, na hakuna atakayeondolewa. Hakukubali mara moja. Alikubali nilipomwonyesha kwamba mwenye vidole vilivyokufa ganzi ndiye anayevunja kokwa nyingi, na kokwa zilizovunjika zinamtia hasara yeye.

Bibi alisimama mbele yao, akauliza kwa namna yake: "Nani kati yenu huamka usiku akakung'uta mkono kama anafukuza kuku?"

Kikapita kicheko kirefu. Halafu mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja, miwili, ikawa mingi, na wenyewe wakawa wanatazamana. "Na wewe?" "Na mimi, tangu nimzae huyu wa mwisho." "Mimi nilidhani nimerogwa peke yangu."

Baada ya hapo upimaji ulikuwa rahisi. Kwanza mchoro wa mkaa. Halafu kila mmoja akabandikisha migongo ya viganja vyake, vidole vikielekea chini, viwiko vimeinuliwa, na saa ya simu ikahesabu sekunde 60. Kipimo hiki kilienezwa miaka ya 1950 na daktari wa Cleveland, Marekani, George Phalen, na kinaitwa kwa jina lake. Picha ile sitaisahau: wanawake wamekaa duara chini ya mkorosho, viwiko hewani, kimya, kama wanaomba dua kinyumenyume. Sekunde ya ishirini mmoja akasema, "Imeanza." Nikaandika. Baadaye nikakandamiza kwa gumba langu pale kwenye lango, sekunde 30 kila mkono. Nikapitisha kipamba kwenye ncha za vidole wakiwa wamefumba macho. Nikawaambia walaze mkono kiganja juu, wainue gumba kuelekea angani, nami nilisukume chini. Gumba lililodhoofika linakubali upesi.

Vipimo hivi vyote hukosea. Mtu anaweza kumaliza sekunde 60 hana kitu na bado anaumwa, mwingine akahisi ganzi na ni mzima. Ndiyo maana sikumhukumu mtu kwa kipimo kimoja. Nilitafuta vinavyokubaliana: usingizi unaokatika, mchoro, ganzi ya sekunde chache, gumba dhaifu. Mashine ya kupima kasi ya umeme kwenye mshipa ni nzuri, lakini huwezi kuipeleka chini ya mkorosho, na wengi hawaihitaji ili waanze kusaidiwa.

Nilimwuliza kila mmoja pia kama ana mimba, kama ana kisukari, kama shingo ina uvimbe wa tezi, kwa sababu hayo nayo hubana mshipa huu. Si kila ganzi imeletwa na korosho.

Kuna mchoro mmoja ambao bado ninao kichwani. Dada wa makamo alipaka mkaa kinyume na wenzake: kidole cha mwisho chote, na nusu ya kidole cha pete. Gumba aliliacha jeupe. Nilisimamisha kila kitu. Nikamwomba tuingie ndani, nikamtazama mkono mpaka begani. Nyuma ya mkono, juu kidogo ya kiwiko, palikuwa na baka lililopauka kuliko ngozi yake. Nikaligusa kwa kipamba amefumba macho, hakujua kama nimemgusa. Nikapapasa nyuma ya kiwiko, mshipa ulikuwa mnene kama kamba.

Mikoa yetu hii, Lindi na Mtwara, ukoma haujaisha. Anayepima ganzi za mikono huku bila kutafuta mabaka na bila kupapasa kiwiko, hajapima. Nilimpeleka mwenyewe kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, siku iliyofuata, tumepanda gari moja. Dawa zake hutolewa bure, za miezi 6 au 12 kutegemea aina, na ukiwahi, mkono unabaki mzima. Alichoniomba njiani ni kitu kimoja tu, kwamba nisiseme pale bandani. Sikusema. Waliuliza, nikawajibu amekwenda kutibiwa mshipa, na hilo lilikuwa kweli.

Kwa wale wenye kapali taneli tulianza na vibanzi vya usiku, vya kufungia kifundo. Vya dukani ni ghali na huku havipatikani kirahisi. Nilinunua bomba la plastiki la maji, nikalikata vipande, nikakipasua kila kipande kwa urefu, nikakilainisha kwenye sufuria la maji yanayochemka, kisha nikakizungusha kwenye mkono uliofungwa taulo mpaka kikashika umbo lake. Kingo nikasugua kwa msasa, ndani nikaweka pamba, na vitanzi vya kufungia vikatoka kwenye kanga kuukuu. Kazi yake ni moja: kifundo kilale kimenyooka usiku kucha, kisikunjwe mbele wala nyuma. Kwa ambao ugonjwa haujakomaa, hilo peke yake huleta nafuu kubwa baada ya wiki chache. Wawili, ambao gumba lilikwishaanza kubonyea, sikuwapa kibanzi na kuwaambia wangoje. Niliwaandikia rufaa ya kumwona daktari wa upasuaji, nikawaonyesha mkono wa mama yangu, ambaye nilikuwa nimekuja naye kwa ajili hiyo. Aliwanyooshea kiganja chake wakakishika. Hakusema mengi.

Bandani mwenye mali alibadilisha mambo matatu. Visu vya mashine vikawa vinanolewa kila wiki, maana kisu butu kinadai nguvu ya mkono. Mipini ikazungushiwa mpira wa tairi ya baiskeli ili iwe minene, mtu asiikabe. Na wanawake wakawa wanapokezana, nusu siku kubangua, nusu siku kumenya na kuchambua, bila kupunguziwa malipo. Hili la tatu ndilo lililokuwa gumu, na ndilo ninaloliona la maana kuliko vibanzi vyangu vyote.

Nimeambiwa mara kadhaa kwamba haya ni mambo ya hiari, ya mwajiri mwenye huruma. Hapana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi na wakiwa kazini. Shirika la Kazi Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2010, limeutaja ugonjwa huu kwa jina, pamoja na sababu zake: kazi ya nguvu inayorudiwarudiwa, mtikisiko, kifundo kilichopinda. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Lakini fidia inahitaji jina kwenye orodha ya waajiriwa, na mbanguaji wa msimu mara nyingi jina lake lipo kwenye daftari la mizani tu, tena limeandikwa kwa penseli. Nikisikia mkutano unazungumzia kubangua korosho yetu yote hapa nchini badala ya kuisafirisha ghafi kwenda India na Vietnam, nafurahi kwa dhati, ni ajira kwa dada zetu. Halafu nafikiria vifundo vya mikono vitakavyoifanya kazi hiyo, na kama kuna aliyekwisha kuvihesabu.

Yule mama wa mwanzo, aliyepaka mkaa mpaka karatasi ikataka kutoboka, nilimkuta wiki ya sita. Kibanzi alikuwa amekifungia kitambaa kipya, chekundu. Akaniambia siku hizi anaamshwa na adhana. Nikataka kumpima tena, akanizuia. Alikuwa amemshika mkono binti yake, amemaliza shule, ameingia bandani msimu huu huu.

"Mchore huyu," akasema.

"Ana ganzi?"

"Hana. Mchore akiwa hana."

Nikatandaza karatasi. Binti akaweka kiganja, laini, kucha bado zina hina ya harusi ya dada yake. Nikauzungushia mkaa. Nikampa kipande cha mkaa, akatazama vidole vyake vitano, akatikisa kichwa, akanirudishia. Mama yake aliichukua ile karatasi nyeupe, akanipa niandike tarehe pembeni, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye pindo la kanga yake.